Picha Nyuma ya Mchungaji Mwema

Sogeeni karibu, wanangu. Philemoni, kama hiyo simu ni ya kunirekodi iweke pale kwenye stuli ielekee huku, na kama ni ya biashara zako izime, kwa sababu nikianza sitarudia, pumzi niliyobakiwa nayo ni kidogo na sitaki kuimalizia kwenye kurudia maneno. Sabina, funga dirisha la upande wa kina Kandida. Si kwamba simpendi jirani yangu, ila tangu asubuhi ameufagia uwanja ule mmoja mara tatu, na uwanja wenyewe ni wa saruji. Naserian, mkwe wangu, wewe kaa hapa kichwani, maana unanibebea siri tangu Pasaka na leo nataka nikutue.

Nianze na vitu, kwa kuwa najua akili zenu zitakuwa huko mpaka nivitaje. Shamba la Akheri, kahawa na migomba yote, ni la Philemoni, na mpaka wake ni mimea ya masale aliyoipanda baba yenu Gadiel kwa mkono wake. Jirani wa shamba, Sumari, akija kuwaambia mpaka ni mfereji, mwambieni mama alisema kitandani kwamba mwaka ule wa mvua nyingi alimwona kwa macho yake akiyang'oa masale mawili na kuyasogeza, akanyamaza kwa sababu mke wa Sumari alikuwa mjamzito. Mtoto huyo sasa ana wajukuu, kunyamaza kumetosha. Nyumba hii ya Kijenge ni ya Sabina, na Philemoni usinikunjie uso, wewe una nyumba Kisongo yenye geti linalofunguka lenyewe, dada yako amerudi kwangu na sanduku moja la nguo na hajawahi kuniambia kwa nini, ingawa nilishajua, nilijua kabla yake. Ng'ombe ni wa Naserian, kwa sababu yeye ndiye anayejua ng'ombe, ninyi wengine mnajua maziwa.

Hayo yamekwisha, na hata mwenyekiti wa mtaa angeweza kuwaandikia. Hili linalofuata hakuna wa kulisema ila mimi. Mimi mama yenu, Elinipa, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane, niliyewafungia wenzangu Meza ya Bwana kwenye vikao kwa makosa madogo madogo, ni mwizi. Na niliyemwibia ni mama yenu mdogo Nusura.

Ndiyo, Nusura huyo huyo, mjane wa marehemu Abdulsalam, wa mitaa miwili kutoka hapa, aliyewaletea pilau kila Idi mkagombania nyama, nami nikampelekea loshoro yetu ya mahindi na maziwa kila Krismasi akaisifu mbele yangu na sijui aliila au aliwapa kuku. Watu wote wanasema hapa mjini hakuna marafiki kama Elinipa na Nusura. Waacheni waendelee kusema. Miaka sitini na zaidi nimempenda yule mwanamke, na miaka hiyo hiyo nimemwonea wivu mpaka meno yakaniuma, na sikuwahi kujua lipi lilitangulia.

Nilishuka kutoka Akheri nina miaka kumi na saba na darasa langu la nne, nikapata kazi ya kufagia kwenye jumba la sinema la mjini Arusha, la Mhindi mmoja ambaye watoto wake sasa wako Kanada. Nusura alikuwa anakata tiketi. Baba yake dereva, mtu wa Pangani kwa asili, lakini yeye Nusura amezaliwa hapa hapa na akasoma hadi darasa la nane, akawa na mwandiko kama uliochapwa na mashine. Na huko juu, kwenye chumba cha mashine ya picha, alikuwako kijana mwembamba wa kijiji cha Poli, fundi, ambaye ukitazama nyuma gizani ulikiona kidevu chake tu kikimulikwa na taa. Huyo ndiye baba yenu.

Msinicheke nikiwaambia kwamba zile picha za Holiwudi zilinilevya. Mimi sikuwa nimeona ngazi ya ndani ya nyumba, na mle nikaona mwanamke anashuka ngazi ndefu kama mteremko wa Tengeru, amevaa glavu nyeupe hadi kwenye kiwiko, chini wanaume wameduwaa na bilauri mkononi. Majina yao halisi hatukuweza kuyatamka, kwa hiyo watu wa mabenchi ya mbele waliwabatiza wenyewe. Kulikuwa na Bwana Kofia, asiyevua kofia hata akipigwa risasi. Kulikuwa na Mzee Machozi. Na juu ya wote alikuwako Bibi Kope, ambaye akishusha kope zake taratibu, jumba zima, na wale wapagazi wa sokoni, na askari wa zamu, wote walishusha pumzi pamoja naye. Binti wa Mhindi alikuwa akimaliza magazeti yake ya sinema anayatupa, Nusura anayaokota na kunitafsiria, mimi nayabeba kichwani. Nikajua Bibi Kope ameolewa mara ngapi, nani alimwacha na nani aliachwa akilia kwenye meli, vizuri kuliko nilivyozijua ndoa za ukoo wangu. Nikienda nyumbani kuchuma kahawa, wanawake walinisimamisha kila mti niwahadithie picha mpya. Niliwahadithia. Ila nilikuwa nabadilisha mwisho, yule mwanamke wa pili, mzuri, nilimuua kila mara, kwa homa au kwa gari moshi.

Sasa niwaambie wivu wenyewe ulipozaliwa. Siku moja, shoo ya mchana ya Jumamosi, Bibi Kope alivua miwani nyeusi akageuka kutazama watu, na mpagazi mmoja mbele akasimama akasema kwa sauti, "Jamani, huyu si yule binti wa tiketi?" Jumba lote likageuka. Nusura alikuwa amesimama mlangoni, mtandio umemteleza begani, na kweli, ukiondoa rangi, alikuwa ni yeye, kope zile, shingo ile. Tangu siku hiyo mji mzima ukamwita Bibi Kope wa Arusha. Huko juu nikamsikia Gadiel anacheka, kicheko cha kufurahi, na mimi nikainama kufagia maganda ya karanga ambayo nilikuwa nimeshayafagia.

Nikajaribu, wanangu. Nilinyoosha nywele kwa kitana cha moto ili zianguke kwenye jicho moja, na hili kovu hapa nyuma ya sikio ambalo niliwaambia ni la kuni, si la kuni. Gadiel aliponiona aliniuliza nimepigana na nani.

Basi tukaamua kumwandikia barua Bibi Kope wa Holiwudi. Wazo lilikuwa langu, lishikeni hilo, maana Nusura hupenda kusema lilikuwa lake. Anwani tuliipata kwenye gazeti. Nusura akaandika yake, Kiingereza safi, akamweleza jinsi anavyoipenda kazi yake, akaomba picha yenye sahihi. Kisha nikamwambia na mimi, niandikie na mimi. Nikasema kwa Kiswahili yeye akaandika. Nilimsalimu Bibi Kope, nikamwuliza habari za mama yake, habari za baba yake, watoto, mvua za huko, na ng'ombe wa baba yake, kama wazima na kama wanapata majani. Nusura akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Elinipa, mwenzangu, Bibi Kope ana ng'ombe gani?"

"Kila mtu ana ng'ombe," nikamwambia, "kama si yeye, basi baba yake. Wewe andika."

Akaandika. Nafasi ikaisha kwenye salamu, picha hata sikuiomba. Alipouliza aweke jina gani mwisho, nikamwambia aandike tu, ni mimi rafiki yako, kwa sababu ndivyo tulivyomaliza barua za nyumbani, anayeipokea anajua imetoka kwa nani. Tukazitia barua mbili kwenye bahasha moja ili stempu iwe moja, na nyuma ya bahasha, kwa ule mwandiko wake mzuri, akaandika jina lake na sanduku la posta la jumba la sinema. Sisi wote, wafanyakazi wote na familia zao, tulitumia sanduku lile moja. Na ufunguo wake ulikuwa kwangu. Mfagiaji ndiye aliyetumwa posta.

Miezi ikapita. Alhamisi moja nikafungua sanduku nikakuta bahasha ngumu, pana kama sinia, stempu za ugenini, na kwa juu jina la Nusura. Nusura tu. Niligeuza nyuma, nikageuza mbele, nikatazama ndani ya sanduku tena kama kuna nyingine. Naapa mbele ya Mungu ninayemwendea, niliondoka pale posta nikiwa na nia ya kumpelekea. Nilitembea haraka, karibu nakimbia, hata nilifurahi. Nilipofika nikamkuta Gadiel ameegemea dirisha la tiketi, wanagawana andazi moja, Nusura ameshusha kope zake namna ile. Hakuna aliyeniona. Nikapita mlango wa nyuma, nikaifunga bahasha tumboni chini ya kanga, nikafagia jumba zima nayo, ikinikwaruza kila nikiinama.

Jioni Nusura akaniuliza, "Elinipa, posta vipi?"

Nikamwambia, "Hamna kitu."

Aliniuliza kila Ijumaa kwa mwaka mzima. Kila Ijumaa nilimjibu hayo hayo, na mdomo ukazoea. Kisha ikafika Ijumaa moja hakuuliza. Alibandua picha zote za Bibi Kope alizozikata magazetini na kuzipanga kwenye kibanda chake cha tiketi, akazikunja vizuri, akaniletea mimi. Akasema, "Zichukue wewe. Mimi huyu mwanamke ameniona si mtu." Nikazipokea. Hata hapo, wanangu, hata hapo nilimwonea wivu, kwa sababu alihuzunika kwa namna ya mtu aliyestahili kujibiwa, na mimi hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimejibiwa.

Picha iliyokuwa ndani ya bahasha nilikuwa nayo mimi sasa, na haikunifaa kitu. Ningeitundika wapi? Nusura alikuwa akiingia kwangu kama kwake. Mbele kuna sahihi, nyuma kuna maandishi marefu ya kuunganisha ambayo mimi na darasa langu la nne niliweza kulitambua jina la Nusura tu, na jina hilo lilinitosha nisitake kujua mengine. Na ningemwomba nani anisomee kitu cha wizi? Nilipoolewa nikaiweka nyuma ya ile picha ya Mchungaji Mwema, ile pale sebuleni, mnayosali mbele yake. Nusura akija hukaa kwenye kiti kile kinachoitazama. Alishawahi kuniambia fremu ile ni nene mno kwa picha moja. Nikamwambia ni mbao za zamani.

Gadiel alinioa mimi, hilo ninalo na hakuna wa kuniondolea. Lakini baba yake Nusura asingekubali mkwe wa Kilutheri hata kwa bunduki, kwa hiyo mpaka leo sijui kama nilichaguliwa au nilibakizwa. Uzeeni Gadiel akishakula ugali wake alikuwa akisinzia kwenye kiti, na mara mbili nilimsikia akisema, kwa sauti laini ambayo mimi sikuwahi kuitiwa nayo, "Bibi Kope." Mara mbili. Nimekaa naye miaka arobaini na mmoja na nimemzika, na sijui alimwita wa Holiwudi au wa Arusha. Wa Holiwudi ningemsamehe, alikuwa mbali na alishakuwa mzee kama mimi.

Naserian, nipe maji. Kidogo tu, yasimwagike kwenye shuka.

Basi Pasaka iliyopita, ninyi mkiwa kanisani na mimi miguu imegoma, nilimbakiza huyu Naserian nikamwambia ashushe Mchungaji Mwema, atoe misumari ya nyuma, anisomee kilichomo. Niliona sitakufa bila kujua nimeiba nini. Naserian ni mwalimu, akasoma kwanza kimya kimya, halafu akaniangalia. Sema mwenyewe mama, wasije wakadhani nimetunga.

Amesema. Mmesikia. Nirudie mimi, maana nimeshayakariri kuliko Zaburi. "Kwa Nusura, na kwa rafiki yake aliyeniulizia ng'ombe wa baba yangu. Baba anao kweli, na katika barua zote ninazopata hakuna mwingine aliyewahi kuuliza. Hawajambo, wanapata majani. Hakuniandikia jina lake. Itazameni pamoja."

Philemoni, unalia nini, wewe mtu mzima? Mimi sikulia. Mimi nilikasirika. Nilikaa kitandani hapa nikahesabu yote. Nimejibiwa. Katika watu wote wa dunia, na Nusura na Kiingereza chake na kope zake, aliyejibiwa ni mfagiaji. Bibi Kope alishika kalamu kwa ajili ya ng'ombe wangu. Na mimi nikaichukua hiyo salamu yangu nikaificha gizani nyuma ya Yesu, nikaketi miaka sitini namwonea wivu mtu kwa kitu kilichokuwa changu na chake. Ningempelekea siku ile ile angenisomea pale pale dirishani, andazi mkononi, mbele ya Gadiel. Gadiel angesikia. Hilo ndilo linalonichoma kuliko wizi wenyewe, na Mungu anisamehe kwa kusema hivyo, lakini mmetaka wosia.

Sasa maagizo. Mtanizika Akheri, ubavuni kwa baba yenu, upande wa kushoto, maana wa kulia wa kitanda alizoea uwe wake peke yake. Kwenye kabati, ndani ya boksi la viatu, kuna glavu nyeupe nilizozipata kwenye mitumba ya soko la Kilombero, mnivike, zinafika hadi kwenye kiwiko. Miwani nyeusi msinivike, Mchungaji wetu atacheka, naye akianza kucheka hamalizi ibada. Kandida akitaka kuongea msibani mpeni dakika tatu. Sabina na Philemoni msigombane kwa sababu ya sufuria, nawajua, nyumba na shamba mtaelewana na sufuria itawatenganisha.

Na picha, nilikuwa nimepanga hivi. Nilitaka mumpe Nusura siku ya kuanua matanga, akishanilia kwanza. Nilitaka anililie kwa moyo wake wote pale kaburini, watu wauone urafiki, ndipo apewe. Angenichukia lakini machozi yangekuwa yameshatoka, hawezi kuyarudisha. Msinitazame hivyo. Nilishawaambia ni mwizi.

Lakini Salwa, binti yake, alipita juzi kunijulia hali, akaniambia jicho la kulia la mama yake limeshafunga kabisa na la kushoto linaona ukungu, daktari amesema hawezi kuahidi kitu. Kwa hiyo nikingoja matanga anaweza kuishika ile picha kwa vidole tu. Usiku wote wa jana nililifikiria hilo. Halafu nikafikiria jambo jingine, baya zaidi. Nikawaona ninyi. Wewe Philemoni unamkabidhi, Sabina umemshika bega, Naserian unamsomea maneno, na yeye ule uso wake unabadilika, kwanza hajui, halafu anajua, kope zinashuka... Na mimi niko chini ya udongo wa Akheri na glavu zangu, sioni. Ninyi mnaona. Watoto wa juzi, hata hamjui Bibi Kope ni nani.

Hapana. Hilo siwezi. Hilo siwapi.

Philemoni, asubuhi nilikuagiza uje na jani la sale kutoka shambani, ukadhani ni la kwenda kwa Sumari. Liko wapi? Kwenye ndoo mlangoni, vizuri, halijanyauka. Mpe Naserian. Kwetu anayekuja na sale mkononi hafukuzwi, anasikilizwa kwanza, na Nusura analijua sale, aliwahi kuletewa na mimi mwenyewe kwa ugomvi wa kipumbavu wa kuku. Naserian, nenda sasa hivi, jua bado lipo, aone njia. Mwambie shikamoo, mwambie Elinipa anakuita na sale. Akiuliza kosa gani, mwambie hujui. Mshike mkono pale kwenye mtaro.

Nenda, mama. Nenda.

Sabina, mshushe Mchungaji Mwema. Polepole. Itoe, ilaze hapa kifuani kwangu, uso juu. Mwangalieni. Mmeona kope hizo? Hata ninyi mmeshusha pumzi.

Sogeeni niwawekee mkono, wote wawili, kabla hajafika, maana akifika sitakuwa na muda wenu. Mungu aliyenistahimili mimi awastahimili na ninyi. Philemoni, upate kulala mchana bila kushtuka. Sabina, apatikane mtu wa kukuulizia ng'ombe... hata kama huna. Na watoto wenu, na wa kwenu wote... Amina. Jina lenu liandikeni. Popote. Hata kwenye karatasi ya sukari... liandikeni.

Niinue kidogo. Mto... hapo. Inatosha.

Ni nani huyo anayeburuta ndara nje? Ni yeye. Tangu zamani anaburuta... na bado wanamwita mzuri.

Nivisheni miwani yangu, ya kuonea. Upesi. Ifuteni kwanza... sawa.

Sasa nyamazeni. Msimwambie kitu. Mimi kwanza.